Kadi ya Sisteini

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, Kamusi alishika ufagio. Mama yake alikuwa msusi. Chumba chake cha kusukia kilikuwa na viti viwili, kioo kimoja kirefu na benchi la wanaosubiri, na kufika saa tisa alasiri kilikuwa kimetapakaa nywele kuanzia mlangoni hadi kwenye beseni la kuoshea vichwa. Kamusi alifagia, akaosha vitana kwa maji ya sabuni, kisha akapanga rasta kwa rangi: nyeusi peke yake, kahawia peke yake, na zile nyekundu ambazo mama alisema hununuliwa na wenye moyo.

Kazi yote hiyo aliifanya huku akizungumza. Kuzungumza ndiko kulikompa jina. Mtu akitaja neno gumu, iwe darasani au pale kwenye benchi, Kamusi alikuwa na maana yake mkononi, na kama hakuwa nayo aliitunga papo hapo kwa uso mkavu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakukumbuka mara ya mwisho aliposema "sijui" ilikuwa lini.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume wa miaka saba, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa uzazi. Kitinda alishinda hapo hapo kwa mama, akichezea vibanio vya nywele. Choo kilikuwa nyuma ya jengo, na kukifikia ilibidi mtu apite mbele ya benchi la wateja. Siku hizo Kitinda alipita hapo mara nyingi mno, amejikunja, mkono ameubana kwenye kaptula. Mara nyingine hakuwahi, na mama, vidole vikiwa kichwani mwa mtu, hakuona. Watoto wa mtaani wakampachika jina la Kikojozi, na halikuchukua muda likafika shuleni.

"Kamusi, eti Kikojozi ni mdogo wako?" mvulana mmoja wa darasa lake aliuliza siku moja kwenye foleni ya bomba la maji, kwa sauti ya kusikika na wote.

Kamusi, mwenye jibu la kila kitu, alijifanya hakusikia. Masikio yalimwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze na kindoo chake.

Alipofika kwa mama alimvuta Kitinda nyuma ya pazia la sehemu ya kuoshea.

"Wewe unanitia aibu," alimwambia kwa kunong'ona. "Kila saa choo, choo. Una nini?"

"Inauma, dada," Kitinda alisema. "Nikikojoa inauma. Halafu inakatika, halafu nataka tena."

"Kwa sababu unabugia maji kama ng'ombe! Kuanzia kesho, kikombe kimoja asubuhi, basi. Usiguse maji tena. Utaona itakavyoacha."

"Nimwambie mama?"

"Umwambie nini, kwamba unajikojolea? Mama ana wateja. Nyamaza."

Kitinda alimwamini dada yake kuliko mtu yeyote. Kama yeye aliyejua maneno yote alisema maji ndiyo mabaya, basi ndiyo mabaya. Akaacha kunywa maji, na akanyamaza.

Wiki hiyo hiyo, mwalimu wa sayansi aliingia darasani na sanduku la viatu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye tabia ya kupandisha miwani kwenye paji la uso kisha kuitafuta mezani. Ndani ya sanduku mlikuwa na kadi ishirini, na kila wanafunzi wawili waliokaa dawati moja walichagua kadi bila kutazama.

"Mlizozishika ni asidi amino," alisema. "Misuli, ngozi, kucha, damu, vyote vina protini, na protini ni kama mkufu wa shanga. Shanga zake ndizo hizo asidi amino. Aina ishirini tu! Ukizipanga hivi unapata msuli, ukizipanga vile unapata ukucha. Nyingine mwili unajitengenezea, ila tisa hauwezi kabisa, lazima uzile. Sasa, nataka kila dawati linitafutie mambo mawili: asidi yao ina kazi gani mwilini, na jina lake lilitoka wapi. Siku ya wazazi mtawaeleza wakubwa wenu."

Kamusi alikaa na msichana waliyemwita Penseli, kwa sababu hakuandika kitu kwa kalamu ya wino mpaka awe na hakika nacho, na mara nyingi hakuwa na hakika. Kadi yao ilisema: Sisteini.

"Ooh, sisteini!" mwalimu alisema alipopita. "Kamusi, hiyo ni ya kwenu kabisa. Ndiyo inayoupa unywele nguvu. Ina salfa ndani yake, na sisteini mbili zikikutana hushikana mikono kwa hiyo salfa. Unaijua harufu ya unywele ulioungua? Ndiyo salfa hiyo. Na ile dawa ya kunyoosha nywele aliyonayo mama yako, kazi yake ni kuiachanisha hiyo mikono."

Kamusi alivimba kichwa kwa furaha. Aliona kabisa siku ya wazazi itakavyokuwa: mama mbele, wateja wa mama nyuma, na yeye akieleza nywele. Akamburuta Penseli hadi maktaba, chumba chenye rafu tatu na dirisha moja, wakafungua kitabu ambacho mwalimu alikuwa amewaelekeza.

Kazi ya sisteini ilielezwa vizuri. Iliupa nguvu unywele na ukucha, na tena ilisaidia mwili kutengeneza kinga ya kulinda chembe zake zisiharibike. Chini yake kulikuwa na habari ya jina. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, daktari mmoja alichunguza jiwe lililotoka kwenye kibofu cha mkojo cha mgonjwa, akakuta limeumbwa kwa kitu ambacho hakuna aliyekijua. Baadaye kikaitwa sistini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kibofu. Sistini hiyo ni sisteini mbili zilizoshikana, ndiyo maana na sisteini ikarithi jina.

Penseli alikuwa akinakili bila wasiwasi wowote. Kamusi alisoma mara mbili. Kibofu! Kati ya kadi zote ishirini, dada wa Kikojozi amechagua ya kibofu. Aliwasikia tayari wakicheka, na yule mvulana wa kwenye foleni akicheka kuwapita wote.

"Hii ya jina tuiache," alisema. "Tutaandika kwamba limetokana na neno la kale lenye maana ya nywele."

"Lakini kitabu kinasema..."

"Kitabu cha zamani hicho. Kwani hapa nani anaitwa Kamusi, mimi au wewe?"

Penseli alimtazama, akatazama ukurasa wake. Hakuwa mtu wa kubishana. Aliukunja ule ukurasa mara nne na kuuweka ndani ya mkebe wake wa hesabu, na kwenye kadi Kamusi akaandika alichotaka, kwa wino.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi, karibu wiki tatu baadaye. Mama alifunga chumba chake nusu siku, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua mafua, akaja amevaa gauni lake la heshima, na Kitinda mkononi. Darasa lilijaa. Dawati la kwanza lilieleza glaisini, iliyopewa jina kutokana na utamu kwa kuwa ukiionja ni tamu, na kwamba ndiyo inayofuma kamba za ngozi na mifupa. Dawati la pili lilisema serini ilipatikana kwanza kwenye hariri, na jina lake ni hariri hiyo hiyo. Waliofuata walikuwa na tairosini.

"Jina letu maana yake ni jibini," alisema mvulana mmoja, na darasa likaangua kicheko. "Ndiyo, jibini! Walikoipata. Lakini msicheke sana, maana mwili unaitumia kutengeneza rangi ya ngozi. Bila yetu mngekuwa weupe kama karatasi." Wazazi wakacheka naye, na yeye mwenyewe akacheka, wala hakupungukiwa na kitu.

Kamusi aliliona hilo. Alikuwa bado na nafasi. Lakini zamu yao ilifika, akamwona mama amenyoosha shingo ili asipitwe na neno, akafungua mdomo na kusema kama alivyoandika. Alisema kwa madaha. Nywele, salfa, mikono inayoshikana, na jina la kale lenye maana ya nywele. Watu walipiga makofi. Mama alipiga ya mwisho peke yake.

"Hilo la jina," mwalimu aliuliza, akiishusha miwani kutoka kwenye paji, "mmelipata kitabu gani?"

"Kile kile cha maktaba, Mwalimu," Kamusi alijibu.

Penseli alitazama viatu vyake. Mwalimu alisema tu, "Haya," akaendelea na dawati lililofuata.

Kitinda alikuja akamvuta dada yake sketi. Midomo ilikuwa imemkauka na macho yamemwingia ndani.

"Dada, hapa chini panauma sana."

"Si sasa! Usiliseme hilo hapa," Kamusi alimjibu kwa meno yaliyofungwa, huku akitabasamu kwa wazazi wa watu. Kitinda akarudi kukaa, miguu ameibana.

Jumatatu alasiri, mama alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa cha mwuza vitambaa, mteja wake wa miaka mingi. Upande wa pili ulikuwa umesimama kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Mama alikuwa anamsimulia, kwa mara ya kumi siku hiyo, jinsi binti yake alivyowaeleza watu kwamba sisteini ni jina la kale la nywele. Ndipo waliposikia kilio cha Kitinda kutoka chooni.

Walimkuta ameinama ameshika ukuta. "Hautoki!" alilia. "Mama, nataka kukojoa na hautoki!"

Mama hakuuliza swali. Alimbeba kama mtoto mchanga, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe, akatoka mbio. Kamusi akafuata. Mwuza vitambaa akabaki kitini na nusu kichwa, akilinda mali ya watu.

Katika kituo cha afya tabibu alimbonyeza Kitinda chini ya kitovu, akasikiliza kilio chake, akamwita muuguzi alete mpira mwembamba wa kutolea mkojo. Mkojo ulipotoka ulikuwa mweusi kama chai iliyosahauliwa motoni. Kitinda alivuta pumzi, akaegemea kifua cha mama.

"Hali hii imeanza lini?" tabibu aliuliza.

"Leo, Daktari," mama alisema. "Mpaka asubuhi alikuwa mzima."

"Hapana, mama. Hii si ya leo. Kijana, umeumwa tangu lini? Maji unakunywa?"

Kitinda alimtazama dada yake. Alimtazama kidogo tu, kisha akainamisha kichwa. "Sijui," alisema.

Alikuwa anamficha. Pamoja na maumivu yote hayo, bado alikuwa analinda siri aliyoambiwa ailinde. Kamusi aliona haya ambayo hakuwahi kuyaona, si yale ya kwenye foleni ya bomba. Hayo yalikuwa mchezo.

"Wiki tatu," alisema. "Aliniambia mimi. Nikamwambia anyamaze, nikamkataza kunywa maji. Nilikuwa naona aibu wakimwita Kikojozi."

Mama alimgeukia polepole. Kamusi angependa kupigwa kofi kuliko kutazamwa vile.

Tabibu hakupandisha sauti. "Nadhani ana jiwe kwenye kibofu, na limeziba njia," alisema. "Nitawaandikia barua mwende hospitali kubwa sasa hivi, wapige picha, walitoe. Jiwe halikuumbwa na wewe, binti. Huenda lilikuwepo zamani. Lakini mkojo usio na maji huwa mzito, na uzito huo ndio unaolikuza. Na wiki tatu hizo angekuwa ametibiwa. Angechelewa zaidi, figo zingeharibika."

Jiwe. Kwenye kibofu. Kamusi alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa.

Kitinda alifanyiwa upasuaji Jumanne asubuhi. Mama alirudi jioni, na baba yao akabaki hospitali kulala na mtoto. Jiwe lilikuwa kubwa kama punje ya mahindi, na daktari alikuwa amelipeleka maabara likapimwe ni la aina gani. Mwuza vitambaa alikuwa amerudi kumalizia upande wa pili, akiwa amefunga kilemba siku nzima. Mama alianza kusuka. Kamusi alifagia mahali ambapo palikuwa pamekwisha kufagiwa.

"Mama," alisema mwishowe. "Kuna lingine."

Akaeleza yote: kadi, kitabu, kibofu, na maana ya nywele aliyoitunga. Vidole vya mama vilisimama katikati ya msuko.

"Kwa hiyo mimi nimekaa hapa siku mbili nawaambia watu uongo," alisema. "Huyu nimemwambia. Mwalimu wa chekechea nimemwambia. Mama wa duka la dawa nimemwambia, na yeye kasoma!"

"Mimi hata nimeshamwambia mume wangu," mwuza vitambaa alisema. Hakukuwa na mzaha katika sauti yake.

"Nisamehe, mama."

"Wateja wangu nitawaambia mwenyewe ukweli, mmoja mmoja," mama alisema. "Ila shuleni sitakusindikiza. Utakwenda kwa miguu yako."

Kesho yake Kamusi alisimama mbele ya darasa, akiwa ameomba ruhusa. Alikuwa amejiandaa maneno mazuri njiani, yote yakamkimbia. Alisema kwamba jina la sisteini halikutokana na nywele, kwamba lilitokana na kibofu cha mkojo, kwa sababu ya jiwe, na kwamba yeye alilijua hilo na akadanganya, na akamlazimisha mwenzake. Watoto wakacheka, kama alivyoogopa. "Kibofu!" mmoja alisema nyuma. Kamusi alijikaza akaendelea.

"Mdogo wangu si kikojozi. Alikuwa na jiwe kama hilo. Jana wamempasua. Alikuwa anaumwa, na mimi nilijua, nikamnyamazisha ili msinicheke."

Kicheko kilikatika. Yule mvulana wa kwenye foleni alianza kuchora kitu juu ya dawati kwa kidole. Penseli alifungua mkebe wake wa hesabu, akatoa ule ukurasa uliokunjwa mara nne, akaupeleka mbele.

Mwalimu aliusoma wote. "Nilijua tangu Jumamosi," alisema. "Kitabu kile nilikinunua mimi. Nilikuwa nasubiri, Kamusi, na ningesubiri mpaka leo, kisha ningekuita mwenyewe. Nimefurahi hukunifikisha huko."

Alipandisha miwani, akalitazama darasa.

"Sikilizeni. Yule daktari wa zamani angeona haya kushika jiwe lililotoka kibofuni, hili jina tusingelijua leo. Kibofu ni kiungo kama jicho. Hakuna sehemu ya mwili iliyoumbwa ili ichekwe, na mtu anayeumwa mahali popote ana haki ya kusema panauma. Mliomcheka yule mtoto mlimfunga mdomo, na dada yake akaongeza kufuli. Ukweli mkiuficha kwa kuogopa kuchekwa, atakayelipa anaweza kuwa mtu mwingine kabisa, tena mdogo kuliko nyinyi. Hilo ndilo nataka mlikumbuke, hata kama haya majina ishirini mtayasahau."

Kisha akampa Kamusi kadi tupu na kalamu. Kamusi akairudisha kalamu, akamwomba Penseli penseli yake.

Wiki mbili baadaye majibu ya maabara yalikuja. Jiwe la Kitinda halikuwa la sistini, ambalo ni la nadra na hurithiwa katika ukoo; lilikuwa la aina ya kawaida, na tiba ya kulizuia lisirudi ilikuwa maji, maji, na maji tena. Kamusi ndiye aliyepewa kazi ya kuhesabu vikombe. Alimwekea chupa yake chini ya kioo kirefu, na kila alipomaliza safu moja ya vitana alimkumbusha.

Alasiri moja, benchi likiwa limejaa na mwuza vitambaa akiwa wa kwanza kwenye foleni, Kitinda aliweka chupa chini akatoka mbio kuelekea nyuma. Hakujikunja wala kushika kaptula. Wateja wote waligeuza shingo. Baada ya kitambo sauti yake ilivuma kutoka chooni, kubwa kuliko redio.

"Dada! Hauumi! Unatoka wote na hauumi!"

Benchi zima likamtazama Kamusi, likisubiri aone haya.

"Vizuri!" Kamusi alimjibu kwa sauti kubwa kama ya kwake. "Nawa mikono, uje umalizie chupa!"

Kisha akachukua ufagio, akaendelea kufagia.